Ulimi mkavu baada ya kuonja divai

Ndugu wa Himbi, unauliza kwa nini, baada ya kuonja divai nyekundu mfululizo, hata sombe (majani ya muhogo) ya jioni haikuwa na ladha. Ni tanini hizo, vitu vikali vya maganda na mbegu za zabibu: zinashikana na protini za mate, utelezi unaisha, kinywa kinakwaruza. Maji peke yake hayatoshi. Tafuna mkate mtupu, kisha kipande cha jibini ya Masisi. Mafuta na protini zake husaidia sana. Pilipili iache kwanza. Mswaki nao usubiri kama nusu saa, maana asidi ya divai hulainisha tabaka la juu la meno.

Siku nyingine anza na nyeupe, na uteme! Najua hapa Goma kutema divai ya bei kali ni kama tusi kwa mwenyeji, lakini wanaoishi kwa kazi ya kuonja hutema. Mie nikimaliza, bia ya Primus ya baridi.