Nimerudi kwa Power Rangers baada ya miaka 25: jibu kwa anayeuliza aanzie wapi

Ndugu aliyeuliza anasema aliipenda sana Power Rangers, tamthilia ya Kimarekani ya vijana wanaogeuka kuwa mashujaa wenye mavazi ya rangi (akina Ranger), alipokuwa mtoto, akaiacha alipoingia sekondari, na sasa ana mwana wa miaka saba ambaye angependa kuitazama naye. Anataka kujua aanzie wapi katika misimu 30, na kama mtu mzima anaweza kuipenda tena tamthilia ya watoto. Njia hiyo nimeipita kwa karibu miaka miwili nikiwa na binti yangu, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Usianzie mwanzo. Anzia pale ulipokatikia.

Mimi nilikatikia gizani. Nilikuwa na miaka tisa wakati ami yangu, aliyekuwa akifanya kazi Muscat, alipotuletea Tanga kanda tatu za video alizorekodi mwenyewe. Kwetu Ngamiani hapakuwa na deki, tukawa tunakwenda kwa jirani kila Jumapili alasiri, na yeye hakuwahi kutufungia mlango. Kanda ya tatu ilikuwa na hadithi ya Ranger wa kijani. Tommy, kijana mgeni katika mji wa Angel Grove, anatekwa akili na mchawi Rita Repulsa, anapewa nguvu za Ranger wa sita, kisha anatumwa kuwaangamiza wale watano wa kwanza. Hadithi hiyo ina sehemu tano. Katika sehemu ya nne Rita analifanya jua lipatwe, na roboti kubwa ya akina Ranger, Megazord, ambayo nguvu zake zatoka kwenye jua, inalegea mbele ya macho yetu, inapigwa na majemadari wa Rita, Goldar na Scorpina, pamoja na huyo wa kijani, kisha inatumbukia kwenye ufa wa ardhi unaowaka moto. Hapo ndipo kanda yetu ilipoishia. Kioo kilijaa chenga, jirani akabonyeza kitufe, deki ikaitema kanda. Tuliirudisha nyuma na kuitazama tena mara nyingi mno, na kila mara ilikoma palepale.

Miaka iliyofuata nilimwona Tommy kwa vipande vipande kwenye televisheni za watu, amevaa nyeupe na kuwaongoza wenzake, nisijue amefikaje huko. Sehemu ya tano niliitazama nikiwa na binti yangu wa miaka minane, sebuleni kwangu, baada ya chakula cha usiku. Jason, Ranger mwekundu, anapambana na Tommy wao wawili tu, anauharibu Upanga wa Giza uliokuwa umebeba uchawi wa Rita, na Tommy anazinduka hajui afanye nini na aibu yake. Jason anamkaribisha ajiunge nao. Binti yangu akaniuliza, "Baba, mbona hawajamwadhibu?" Tulizungumza swali hilo hadi akasinzia. Kama ningeanza na sehemu ya kwanza ya msimu wa kwanza, wenye sehemu 60, sidhani kama yeye au mimi tungefika huko tukiwa na hamu ile ile. Tafuta kwanza sehemu ambayo hukuiona mwisho wake, uimalize, ndipo uamue pa kwenda.

Jambo la pili ni kuijua tamthilia hii imetengenezwaje, kwa sababu mambo mengi ambayo mtu mzima huyaona kuwa ni kasoro yana sababu zake, na sababu hizo zinapendeza kuzijua. Japani ina mfululizo wa Super Sentai, uliozaliwa mwaka 1975, na kwa miongo mingi kampuni ya Toei ilikuwa ikitengeneza kikosi kipya karibu kila mwaka. Haim Saban na Shuki Levy walichukua picha za mapigano na za maroboti kutoka katika kikosi cha mwaka 1992, kiitwacho Zyuranger, wakapiga picha mpya za vijana wa Kimarekani wakiwa shuleni na kwenye baa ya vinywaji baridi, kisha wakaziunga pamoja. Sehemu ya kwanza ilionyeshwa Marekani tarehe 28 Agosti 1993. Binti yangu aligundua mwenyewe kwamba vazi la Ranger wa waridi lina sketi na la Ranger wa njano halina, ingawa wote wawili ni wasichana. Sababu ni kwamba katika tamthilia ya Kijapani aliyevaa njano alikuwa mwanamume. Nilipomweleza hivyo, kila pigano lilipoanza alisogea karibu na kioo na kunitajia picha ipi ni ya Japani na ipi ni ya Marekani, na mara nyingi hakukosea.

Hata safari ya Tommy kutoka kijani kwenda nyeupe inatokana na jambo hilo. Ranger wa kijani wa Japani alikufa katika hadithi yao, picha zake zikaisha. Lakini watoto wa Marekani walikuwa wamempenda Tommy kiasi cha kutotaka aondoke, basi akatafutiwa vazi jeupe kutoka katika kikosi cha Kijapani kilichofuata, Dairanger. Ukitazama msimu wa pili kwa makini utaona kwamba vazi lake limeshonwa kwa namna tofauti kabisa na ya wenzake watano. Katika msimu huo huo waigizaji watatu, Austin St. John (Jason, mwekundu), Walter Jones (Zack, mweusi) na Thuy Trang (Trini, wa njano), waliondoka kwa mgogoro wa malipo. Kuaga kwao kulitengenezwa kwa picha za zamani, na wahusika wao wakasemekana wamekwenda Uswisi kwenye mkutano wa amani. Utotoni sikuona lolote. Sasa kila nikiitazama sehemu hiyo nasikitika, maana watu waliotufurahisha hivyo hawakupewa nafasi ya kutuaga kwa nyuso zao.

Kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1996, dunia ikiwa imerudishwa nyuma wakati na akina Ranger wamekuwa watoto wadogo, Aisha, Ranger wa njano wa pili, anatumwa Afrika kutafuta kipande chake cha Fuwele ya Zeo, yenye nguvu za kuirudisha dunia kama ilivyokuwa. Anafika kijijini, anakuta wanyama wanakufa kwa maradhi, na anaamua kubaki awatibu. Kipande anamkabidhi msichana wa huko, Tanya, ambaye anakwenda Angel Grove badala yake na kuwa Ranger. Nilifurahi kuona msichana wa Kiafrika anaaminiwa kazi hiyo, na binti yangu alifurahi kuliko mimi. Hata hivyo kijiji chenyewe nilikitazama kwa uchungu, kwa sababu hakina dalili yoyote ya mahali ninapopajua mimi. Hakuna mji wala lugha, na hakuna soko wala shule. Itazame na mwanao, lakini mwambie kwamba Afrika ina miji, kisha mwonyeshe wa kwenu.

Sasa nifike kwenye moyo wa jibu langu. Ukiwa na muda wa msimu mmoja tu, chukua ule wa 1998, In Space, na uutazame wote, sehemu 43. Tangu 1993 hadithi ilikuwa moja, na Zordon, yule mshauri anayeonekana kama kichwa ndani ya mrija mkubwa wa kioo, alikuwa nguzo yake. Msimu huu ndio unaoifunga. Ranger mwekundu, Andros, anamtafuta dada yake aliyetekwa utotoni, na anakuja kugundua kwamba dada huyo ndiye Astronema, malkia wa maovu anayepigana naye kila siku. Katika sehemu mbili za mwisho majeshi yote ya maovu yanaishambulia galaksi kwa pamoja na Dunia inatekwa. Astronema anawataka watu wa Angel Grove wawatoe akina Ranger. Kimya kinatanda. Kisha Bulk na Skull, wale vijana wawili ambao kwa miaka mitano kazi yao ilikuwa kuchekwa na kuangukia keki, wanajitokeza mbele ya umati na kila mmoja anatamka kwamba yeye ni Ranger. Mwingine anafuata, na mwingine, hadi umati mzima unajitaja hivyo. Ndipo Ranger wa kweli wanapojitokeza na kugeuka hadharani bila kuficha tena nyuso zao. Nilikuwa naitazama peke yangu, lakini nilisimamisha picha nikaenda jikoni kunywa maji, maana nilikuwa nalia na sikutaka mtoto anisikie akadhani kuna msiba.

Baada ya hapo Zordon anamwomba Andros auvunje mrija wake, ili nguvu iliyomo itoke na kuyafuta maovu popote yalipo. Andros hataki, kwa sababu anajua kwamba huko ni kumuua mwalimu wake. Anauvunja. Wimbi la nuru linapita kwenye sayari zote. Askari wa maovu wanakuwa vumbi, lakini Rita na mwovu mwenzake Lord Zedd wanageuka wanadamu, na dada yake Andros, aliyelala kama maiti, anarudi kuwa Karone. Nilielewa siku hiyo kwa nini Jason hakumwadhibu Tommy miaka mitano kabla. Hadithi hii tangu mwanzo iliamini kwamba aliyetekwa na uovu anaweza kurudishwa, na waandishi waliishikilia imani hiyo hadi mwisho.

Ule wa 2001, Time Force, ndio ninaouweka wa pili. Askari wa mwaka 3000 wanamfukuza mhalifu Ransik hadi zama zetu, na anayewaongoza ni Jen, Ranger wa waridi, tena anaongoza kweli, halitajwi tu jina lake. Ransik anajisalimisha mwenyewe baada ya kumjeruhi binti yake vitani bila kukusudia. Baba anayetazama na binti yake hawezi kuipita sehemu hiyo hivi hivi. Kisha kuna kuagana kwa Jen na Wes, Ranger mwekundu wa zama zetu, pale ufukweni, yeye akirudi zama zake na Wes akibaki za kwake, na hapana hila ya kuwakutanisha tena kabla ya jina la mwisho kupita.

Misimu ya Disney, kuanzia 2003 hadi 2009, ilipigwa picha New Zealand, na huko unaweza kuchagua. Dino Thunder ya 2004 inamrudisha Tommy akiwa mwalimu wa sayansi na Ranger mweusi. Kuna sehemu ambayo amezimia hospitalini na ndani ya usingizi huo anapigana na nafsi zake za zamani, mwekundu, mweupe na kijani. Kwa aliyekua naye ni zawadi. RPM ya 2009 ni nzito kuliko zote: kirusi cha kompyuta kiitwacho Venjix kimeiteka dunia na watu waliosalia wanaishi mji mmoja chini ya kuba. Mtoto wa miaka saba asubiri kidogo. Nyingine za kipindi hicho ni nzuri kwa jioni ya mvua, lakini hutapotea njia ukiziruka.

Megaforce ya 2013 na mwendelezo wake wa 2014 ziliadhimisha miaka 20 ya tamthilia, nami nilizisubiri kwa matumaini makubwa. Zilinivunja moyo. Mavazi ya vikosi vyote vya nyuma yanavaliwa na kuvuliwa kama nguo za dukani, bila kusimulia walioyavaa walipitia nini, na wale wakongwe waliorudi kwa pigano la mwisho hawakupewa hata nafasi ya kuzungumza vya kutosha.

Tofauti kabisa ni filamu fupi ya miaka 30, Once & Always, iliyotoka Netflix Aprili 2023. Thuy Trang, aliyekuwa Trini, Ranger wetu wa njano wa kwanza, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2001, na filamu hii inamheshimu ndani ya hadithi yenyewe: Trini anakufa akimkinga Billy, Ranger wa bluu wa kwanza, na bintiye Minh anabaki na hasira ambayo Billy na Zack, walioigizwa na David Yost na Walter Jones wale wale wa 1993, wanajaribu kuituliza wakiwa na huzuni yao wenyewe. Nyuso zao zimezeeka kama zetu. Jason David Frank, aliyekuwa Tommy, alifariki Novemba 2022, na mwishoni majina yao yanaonekana pamoja. Safari hii waliagwa ipasavyo.

Kwa mwanao wa miaka saba, ndugu yangu, ningefanya hivi. Mwanzishie Dino Fury ya 2021, kwa kuwa picha zake ni safi, dinosaria wamo, na Lord Zedd anarudi, kwa hiyo nawe utakuwa na cha kumsimulia. Msimu huo unaingia moja kwa moja katika Cosmic Fury ya 2023, yenye sehemu 10 tu, ambamo Amelia anakuwa msichana wa kwanza kuwa Ranger mwekundu wa kudumu na Billy anaonekana tena. Mtoto akimuuliza yule mzee wa bluu ni nani, hapo ndipo umtolee msimu wa kwanza, mkae naye sehemu mbili kwa usiku, zisizidi. Sisi tulikwenda hivyo. Binti yangu sasa amefika katikati ya In Space, hajajua bado Astronema ni nani, nami najitahidi nisimwambie.