Akaunti mbili kwa mtu mmoja baada ya kuwasha Entra Connect: anzeni na namba ya utumishi

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Chuo chenu kina mfumo wa watumishi ulio chini ya ofisi ya rasilimali watu, kina Active Directory (orodha ya Microsoft ya watumiaji na akaunti zao) ya miaka mingi kwenye seva ya chuoni, na kina akaunti za Microsoft 365, yaani za wingu, zilizofunguliwa kwa mkono zamani. Mmewasha Entra Connect, programu ya Microsoft inayosawazisha akaunti za Active Directory na za wingu, na sasa baadhi ya watu wana akaunti mbili, namba za simu zinakataa kurekebishwa kwenye wingu, na mkufunzi aliyemaliza mkataba bado anasoma barua pepe. Nimezifanya kazi hizi kwenye taasisi za ukubwa wenu na yote matatu nimekutana nayo. Programu haina kosa. Mmeiwasha kabla ya kuamua mtu atambulike kwa kitu gani katika mifumo yote, na kila taarifa imilikiwe na mfumo upi. Hapo ndipo pa kurudi, hata kama bosi anataka akaunti pacha zifutwe leo.

Nianze na utambulisho. Kulinganisha watu kwa majina kwetu hakufiki mbali. Mfumo wa watumishi unaandika majina matatu kwa herufi kubwa, Active Directory ina mawili, kwenye wingu jina la ukoo limetangulia, na akina Juma Hamisi chuo kizima hukosi wawili au watatu. Barua pepe nayo hubadilika mtu akiolewa au chuo kikibadili jina. Wengine hukimbilia namba ya NIDA kwa sababu kila Mtanzania aliyeandikishwa anayo. Nakusihi usiitumie. Tarakimu zake 20 zinaanza na tarehe ya kuzaliwa, baadhi ya wakufunzi wa kigeni huenda hawana, na kuisambaza kwenye kila mfumo ni kujitafutia maswali chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Isitoshe, ikiandikwa bila vistari ikapita kwenye Excel kama namba, Excel hushika tarakimu 15 tu na zilizobaki zinageuka sifuri. Watu tofauti wanaweza kutoka na namba moja.

Chukua namba ya utumishi, ile mnayoiita cheki namba, au namba ya ndani ya chuo kwa wasio na cheki namba. Sharti lake ni moja: haibadiliki na haigawiwi mtu mwingine hata mwenyewe akiondoka. Iweke kwenye kipengele cha employeeID ndani ya Active Directory, na isomwe kama maandishi, maana 00417 ikipita kwenye Excel inakuwa 417 na mtu hapatikani tena. Kazi ya kuijaza mara ya kwanza inachosha. Kaa na mtu wa rasilimali watu, pitieni orodha jina kwa jina. Skripti ikusaidie kupendekeza, lakini binadamu ndiye athibitishe. Siku mkiunganisha mfumo wa maktaba au wa masomo kwa SCIM 2.0, kiwango cha kupitisha taarifa za watumiaji kati ya mifumo kilichotoka 2015, namba hiyo hiyo itakaa kwenye kipengele cha externalId na hamtaanza upya.

Sasa akaunti pacha. Entra Connect inapokutana na akaunti mpya kutoka Active Directory, inaangalia kwanza kama kuna ya wingu yenye ImmutableId (kitambulisho kinachoifunga akaunti ya wingu na ile ya chuoni) inayolingana. Ikikosa, inajaribu kulinganisha kwa barua pepe kuu au kwa jina la kuingilia. Bila shaka domeini yenu ya ndani inaishia na .local na sehemu ya barua pepe kwenye Active Directory iko tupu. Basi hakuna kilicholingana, ikafungua akaunti mpya inayoishia na onmicrosoft.com. Ndiyo hiyo pacha unayoiona.

Kwa ambao bado hawajaguswa, dawa ni nyepesi: ongeza domeini halisi ya chuo kama kiambishi cha UPN (jina la kuingilia lenye umbo la barua pepe), badilisha majina ya kuingilia, jaza proxyAddresses, kipengele cha anwani za barua pepe, ukianza na SMTP kwa herufi kubwa kwa anwani kuu, kisha uruhusu usawazishaji uwafikie. Pitisha kwanza IdFix, zana ya Microsoft ya kukagua Active Directory, itakuonyesha anwani zilizojirudia na herufi zisizokubalika.

Kwa wenye pacha tayari, nenda taratibu. Hakikisha ni akaunti ipi yenye sanduku la barua na mafaili, maana ukikosea hapo unafuta kazi ya mtu ya miaka. Mhamishe mtumiaji kwenye OU (fungu la akaunti ndani ya Active Directory) isiyosawazishwa, endesha mzunguko mmoja wa usawazishaji, na ile pacha itaangukia kwenye akaunti zilizofutwa, ambako hukaa siku 30. Iondoe kabisa humo. Kisha chukua thamani ya ms-DS-ConsistencyGuid, au objectGUID kama ile iko tupu (vyote ni vitambulisho vya akaunti ndani ya Active Directory), igeuze kuwa Base64, yaani maandishi ya kawaida, iandike kuwa ImmutableId ya akaunti halisi ya wingu, umrudishe mtumiaji kwenye OU yake na uendeshe mzunguko tena. Fanya kwa mtu mmoja, aingie, aone barua zake, ndipo uendelee na wengine. Akaunti za wasimamizi wa wingu usiziingize kabisa katika zoezi hili. Zibaki za wingu peke yake, ili siku seva ya chuoni ikiingiliwa mvamizi asipate na funguo za wingu.

Suala la simu linaeleweka ukikumbuka umiliki. Akaunti ikishaanza kusawazishwa, Active Directory ndiyo mwenye vipengele hivyo, na wingu linakataa kuvihariri. Kaeni kikao kimoja, muandike kila kipengele na mwenye wake: jina, cheo, idara na hali ya ajira ni vya rasilimali watu, barua pepe na jina la kuingilia ni vya TEHAMA, simu amueni wenyewe. Mimi napenda simu abadilishe mtumishi mwenyewe kwenye mfumo wa watumishi, kisha ishuke kwenye mingine, kwa muundo mmoja unaoanza na +255. Kipengele chenye wenye wawili kitawasumbua milele, kila upande ukifuta kazi ya mwenzake.

La mkufunzi aliyemaliza mkataba ndilo linalonitia hofu kuliko yote, na taasisi nyingi hazilijui. Tarehe ya ukomo mnayoweka kwenye akaunti ya Active Directory, accountExpires, haisawazishwi kwenda Entra ID, mfumo wa akaunti wa upande wa wingu. Mkitumia usawazishaji wa hashi za nywila (alama zinazotokana na nywila, si nywila zenyewe), akaunti iliyokwisha muda chuoni inaendelea kuwa hai kwenye wingu kana kwamba hakuna kilichotokea. Wekeni skripti ya kila usiku inayotafuta akaunti zilizopita tarehe na kuzizima, maana hali ya kuzimwa ndiyo inayosafiri. Na fahamu kwamba mzunguko wa kawaida ni kila dakika 30. Nywila huwahi zaidi, kila dakika 2. Kwa mtu aliyefukuzwa kazi usingoje: zima akaunti, endesha Start-ADSyncSyncCycle -PolicyType Delta, kisha ukate vipindi vyake vilivyo wazi kwenye wingu.

Kuhusu kufuta, sikiliza hili kwa makini. Mtu kutoonekana kwenye faili la rasilimali watu si ushahidi kwamba ameondoka. Kwenye taasisi moja faili la usiku lilifika nusu kwa sababu umeme ulikatika wakati likiandikwa. Skripti yao ilikuwa na kizuizi, ikaona waliopungua ni wengi mno, ikasimama na kutuma ujumbe. Bila kizuizi hicho, wahudumu wa zamu ya asubuhi wangekuta akaunti zimefungwa. Kwa hiyo skripti izime mtu pale tu anapokuwa na hali ya "ameondoka" na tarehe. Azimwe kwanza, ahamishiwe kwenye OU ya walioondoka, na kufutwa kuje baadaye kabisa.

Entra Connect nayo ina kizuizi cha kufuta kwa wingi, lakini kimewekwa 500. Wewe umesema watumishi wenu hawafiki hata 400! Maana yake zinaweza kufutwa zote na kizuizi kisitikisike. Kishushe kwa Enable-ADSyncExportDeletionThreshold, uweke 15 au 20.

Kanuni za kubadilisha data ndani ya Entra Connect, kama mtazihitaji, zisiwe nyingi. Usihariri zile zilizokuja na programu. Andika yako na uipe namba ya kipaumbele chini ya 100, kwa kuwa namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Na mkipata mashine ya ziada, sakinisha Entra Connect ya pili katika hali ya kusubiri: inasoma na kukokotoa kila kitu bila kuandika popote, hivyo unaona mabadiliko kabla hayajagusa watu.

Kwa leo, zima ratiba kwa Set-ADSyncScheduler -SyncCycleEnabled $false ili mapacha wasiongezeke. Kumbuka tu kwamba hadi uiwashe tena, akaunti utakayoizima chuoni itabaki hai kwenye wingu, kwa hiyo huyo mkufunzi mzime, kisha uendeshe mzunguko mmoja kwa mkono. Halafu toa orodha ya wenye akaunti mbili, ufute majina na anwani zao, uniwekee hapa safu za ImmutableId na ms-DS-ConsistencyGuid pekee. Nitakuonyesha ni zipi za kuanza nazo.