Mtoto mwenye mpira kichwani akitapika, fikiria mpira kwanza

Siku mtoto wako wa kichwa maji anaporuhusiwa kutoka wodini na shanti yake, yaani ule mpira wa kutoa maji yaliyojaa kichwani, majirani watakuja na sukari, watamtazama kichwa na kusema Mungu mkubwa, kimeshaanza kupungua. Pokea hongera, umezihangaikia. Ila kuna neno ambalo pale wodini husemwa harakaharaka, mama akiwa anafunga kanga zake: mpira huo unaweza kuziba, na ukiziba mtoto anaonekana kama mwenye malaria.

Shanti haiponyi ugonjwa, inahamisha maji. Mtu mzima hutengeneza kama nusu lita ya maji ya ubongo kila siku, na kwa kawaida hunyonywa yakarudi kwenye damu. Kwa watoto wetu njia imeharibika, wengine tangu tumboni, wengine kwa sababu ya mgongo wazi, na huku kwetu wengi baada ya maambukizi makali ya uchangani. Kwa hiyo mrija unapitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani, nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, hadi tumboni. Safari yote hiyo ina mahali pa kukwama. Hata katika nchi zenye hospitali za kila aina, karibu shanti 4 kati ya 10 za watoto hufeli ndani ya miaka 2 ya kwanza. Kwa hiyo ikifeli, usikubali mtu akwambie ulimbeba vibaya.

Shanti ya binti yangu ilipoziba, alianza kwa kukataa uji. Kisha akatapika asubuhi, akalala, nikamwamsha, akalala tena. Usingizi ule haukuwa wa kuchoka: unamwita anafungua macho, anakutazama kama hakujui, anafumba. Nilipopapasa utosi ulikuwa umejaa na mgumu, naye hakuwa analia. Kwenye zahanati nesi alikuwa mpole kabisa. "Mama, watoto wote wa mtaa huu wiki hii ni malaria." Akapima, kweli ikaonekana malaria. Nikamwambia, "Sawa dada, dawa nipe, lakini mtoto huyu ana mpira kichwani, niandikie na rufaa." Alisita, akaandika.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike. Kipimo cha malaria kikisoma ndiyo, hakijasema mpira uko salama. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, utosi kuvimba, macho kuelekea chini mpaka weupe unaonekana juu ya mboni, degedege, uvimbe kando ya mrija: ukiona mojawapo, nenda siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo. Usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Mkubwa anayeweza kusema atakwambia kichwa kinauma, au shuleni atashuka ghafla na mwalimu aseme amekuwa mvivu.

Maambukizi nayo yana mwenendo wake. Mengi hujitokeza katika miezi michache ya mwanzo, kwa sababu vijidudu vyenyewe aghalabu ni vya kwenye ngozi, vilivyoingia wakati wa upasuaji. Homa isiyoeleweka, mshono kutoa majimaji, wekundu unaofuata mstari wa mrija, tumbo kuuma. Hapa jiandae kisaikolojia na kimfuko: mara nyingi shanti hutolewa, maji yakawa yanatoka kwa mrija wa nje huku mtoto akichomwa antibayotiki, ndipo awekewe nyingine. Ni kukaa wodini kwa muda mrefu. Mtu wa kukupokezana umtafute mapema, na baba wa mtoto asiwe wa kuleta chakula getini tu.

Kwa mchanga mwenye ngozi nyembamba, usimlaze muda wote upande wenye vali, kile kinundu cha shanti chini ya ngozi kinachodhibiti maji. Ngozi huchubuka, mpira ukachungulia. Kinyozi pia mwonyeshe kabla hajawasha mashine. Na ile tabia ya kila mgeni kubonyeza "hako kanundu" ikome; hata wewe usibonyeze kama daktari hajakuagiza.

Yapo ya kushangaza. Ncha ya tumboni imewahi kutokea njia ya haja kubwa kwa baadhi ya watoto. Ukiiona, usiivute wala usiikate, funika kwa kitambaa safi uende hospitali. Mtoto akirefuka, mrija unaweza kubaki mfupi. Na maji yakitoka kupita kiasi, utosi hubonyea, au mkubwa huumwa kichwa akisimama na kupata nafuu akilala.

Kama mtoto wako bado hajapasuliwa, uliza kama anafaa kutobolewa njia ya maji ndani ya ubongo bila kuachiwa mpira. Hospitali ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, ndiko Daktari Benjamin Warf alikoiendeleza njia hiyo kwa watoto wachanga, akiunganisha na kuchoma tishu zinazotengeneza maji. Si kila mtoto anafaa, nayo pia huweza kuziba, kwa hiyo dalili za kuangalia ni zilezile.

Mwisho, karatasi. Piga picha ya ripoti ya upasuaji: tarehe, aina ya shanti, upande iliko, pamoja na picha za CT, zile za ndani ya kichwa, za wakati mtoto akiwa mzima. Daktari wa zamu usiku atahitaji kulinganisha, na faili huwa halionekani. Mtumie na bibi yake hizo picha, maana mtoto huugua hata akiwa likizo kijijini.