Camry mpya imelala chini: je, niiinue?

SWALI: Papa fundi, salamu kutoka Kampemba, hapa Lubumbashi. Baada ya miaka sita na Camry ya 2013, nimenunua ya 2018 iliyotoka Dubai. Rafiki zangu wanabishana juu yake kila jioni. Wengine wanasema ni ndefu mno, imelala chini, itakwaruza tumbo kwenye kila tuta, na mdomo wake wa mbele unatisha. Wengine wanasema huo ndio uzuri wenyewe. Fundi mmoja wa mtaani ameahidi kuweka vipande vya mpira kwenye resori (springi) na kunifungia janti (rimu) za inchi 19 ili gari lipate kimo kama lile la zamani. Nikubali?

JIBU: Usikubali, ndugu yangu. Mabishano ya rafiki zako nitayafikia, maana yana ukweli ndani yake, lakini kilichonifanya niweke spana chini na kukuandikia ni hizo janti. Haipiti wiki bila mteja kuingia garajini kwangu akiamini kwamba janti kubwa inainua gari, na wengi wao wamekwisha kulipa kabla ya kuuliza.

Chukua kalamu. Camry ya umbo lako ilitoka kiwandani na tairi za vipimo tofauti kulingana na daraja la gari, kuanzia 205/65 R16 ya daraja la chini hadi 235/40 R19 ya daraja la juu. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo ambayo ndiyo kimo cha ubavu wa mpira, na ya mwisho ni kipenyo cha janti kwa inchi. Kwenye tairi ya 16, ubavu una milimita 133 na janti ina milimita 406, kwa hiyo gurudumu zima lina milimita 673 hivi. Kwenye ya 19, ubavu umebaki na milimita 94, janti imekuwa na milimita 483, na gurudumu zima lina milimita 671. Tazama vizuri hesabu hiyo: umelipia janti kubwa, na gari limeshuka milimita moja, yaani nusu ya tofauti ya vipenyo. Kilichopungua ni karibu sentimita nne za mpira zilizokuwa zikisimama kati ya janti yako na shimo la barabarani, na kwa mashimo tunayoachiwa na mvua za Januari hapa Lubumbashi, hizo sentimita nne ndizo zinazoamua kama utarudi nyumbani na janti nzima au na janti yenye ufa unaovujisha upepo. Atakayekwambia basi ongeza tairi nene kwenye hiyo hiyo 19, mwulize gurudumu litagusa wapi utakapokata kona ukiwa na abiria wanne.

Sasa turudi kwa rafiki zako. Ni kweli gari limerefuka na kuinama. Katika umbo la zamani, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa milimita 2,775, na katika jipya ni 2,825. Kimo kimeshuka kutoka takriban milimita 1,470 hadi 1,445. Toyota walibadilisha msingi mzima wa gari, wakashusha injini na viti ili uzito ukae karibu na ardhi, na kwa kuwa kiti kimeshuka pamoja na paa, kichwa chako hakitagonga juu, ingawa mzee mwenye magoti mabovu atakulaumu kila anapotoka. Paa la chini pia linapunguza upinzani wa hewa, ambao hukua kwa mraba wa mwendo: nguvu unayopigana nayo ukiwa kilomita 100 kwa saa ni mara nne ya ile ya kilomita 50. Anayekwenda mji wa Likasi mara kwa mara ataiona faida yake kwenye mafuta. Anayezunguka mitaa yetu ya Katuba na Kenya siku nzima hataona kitu.

Lakini kusema kwamba urefu ulioongezwa ndio utakaokwaruza tumbo, hapo wanakosea. Tuseme tumbo la gari liko milimita 145 juu ya ardhi. Ili gari lililorefushwa milimita 50 kati ya ekseli lipite juu ya tuta lile lile, linahitaji kuinuliwa chini ya milimita tatu, yaani unene wa kadi chache za benki. Kinachogusa kwanza ni pua, ile sehemu ya parashoki (bampa) iliyotangulia magurudumu ya mbele, pamoja na plastiki nyembamba inayoning'inia chini yake. Kinachofuata ni mzigo. Nimeona watu wakilaani umbo jipya la gari huku nyuma wamebeba watu wazima watatu na mifuko minne ya unga ya kilo 25. Gari la umbo lolote litaketi kwa mzigo huo, hasa kama resori zake zimekwisha kuchoka.

Na hizo resori ndizo zinazochokozwa. Resori imepigiwa hesabu ili pindo zake zote zifanye kazi. Ukipachika kipande cha mpira kati ya pindo mbili, umezifunga hizo mbili. Zilizobaki zinabeba kazi yote, gari linakuwa gumu, na chuma kinachoka mahali pamoja. Mwezi uliopita niliondoa gurudumu la mbele la gari lililoinuliwa kwa namna hiyo. Upande wa ndani wa janti ulikuwa umepakwa grisi nyeusi kwa mduara, kama mtu aliyepitisha brashi, kwa sababu sufle, yaani kifuniko cha mpira cha kardani, ule mhimili unaozungusha gurudumu, ilikuwa imepasuka kutokana na kardani kufanya kazi ikiwa imepinda kuliko ilivyopangiwa. Kiungo chenyewe kilikuwa kimejaa vumbi jekundu. Resori ilikuwa imekatika juu kidogo ya kile kipande cha mpira, na ncha yake kali ilikuwa imesimama kidole kimoja tu kutoka kwenye tairi. Mwenye gari alikuwa amekuja kulalamikia kelele.

Kuna pia vile vipande vya aluminiamu vinavyowekwa juu ya amortiseri (shokabzoba). Hivyo havifungi resori, na sitavitia katika kapu moja na mpira, lakini mikono ya chini bado itainama, kardani bado itapinda, na magurudumu lazima yapangwe upya kwenye mashine ya paralelismu, ile inayonyoosha mwelekeo wa magurudumu. Mafundi wanaoviweka chini ya mwembe hawana mashine hiyo. Wanatazama huku jicho moja limefumbwa, wanakaza nati, wanasema tayari, na baada ya miezi michache tairi imelika upande wa ndani hadi waya unaonekana.

Kuhusu mdomo, kila mtu na macho yake. Mimi binafsi siupendi. Ila nakusihi usimruhusu mtu kuubadilisha kwa grili ya kung'aa ya kununua. Camry nyingi za umbo hilo zina rada nyuma ya nembo ya mbele na kamera kwenye kioo cha mbele, na mfumo wa kufunga breki wenyewe unavitegemea hivyo viwili. Ukifunika nembo kwa chuma, rada haioni. Ukiinua pua ya gari bila kuipanga rada upya, inatazama pengine. Vijana wanaouza hizo grili hawakwambii, kwa sababu taa ya onyo huwaka wewe ukiwa umeshaondoka.

Kwa gari lako, fanya hivi. Kama limekuja na janti za 18 au 19, tafuta za 16 zenye tairi za 205/65, ukihakikisha kwanza kwamba janti haigusi breki. Upepo ujaze kwa namba iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, si kwa kupiga tairi teke. Angalia kama ile kinga ya plastiki iliyo chini ya injini bado ipo, maana huku kwetu hung'olewa mara ya kwanza inapolegea na kutupwa, halafu matope yanapanda hadi kwenye mikanda. Mtaro uingie kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine. Kama nyuma inaketi bila mzigo, badilisha resori zote mbili za nyuma kwa mpya zenye namba ya kiwanda, na hapo utakuwa umepata kimo chote ambacho gari lilipewa.

Na kama bado moyo unakuvuta kuinua, hili gari au lingine lolote, kabla hujatoa funguo mwombe huyo fundi alale chini ya gari pamoja nawe, akuonyeshe kwa kidole kardani imepinda kiasi gani sasa na itapinda kiasi gani akimaliza. Akianza kuipiga resori kwa nyundo na kukwambia kwamba hiki ni chuma cha Japani, amka, pangusa vumbi, urudi nyumbani na funguo zako.