Muscadet: waini niliyoionea

Mwaka wangu wa kwanza Nantes, magharibi mwa Ufaransa, nilinunua Muscadet, waini nyeupe ya huku, kwa sababu moja tu, bei. Halafu nilidhani ni ndugu yake Muscat, ile yenye harufu ya maua, si majina yanafanana? Nikaitupia friza saa nzima, nikapika kuku wa nazi na pilipili za kutosha, nikamimina. Jamani! Maji yaliyopitishiwa limau kwa mbali. Nikaibatiza waini ya kuoshea vyombo na karibu mwaka mzima sikuigusa.

Kumbe kosa langu. Muscadet na Muscat hata ukoo hawachangii, zabibu yake inaitwa Melon de Bourgogne, asili yake Bourgogne huko mashariki, ila huku mto Loire unakokaribia bahari ndo ilikoshika, hasa baada ya baridi ya 1709 iliyoua mizabibu mingi, yenyewe ikaonekana inavumilia. Ni kavu, pombe kama asilimia 12 hivi, ina ukali wa limau na tufaha bichi, na ukishameza unabaki na kachumvi fulani ulimini. Anayetaka waini ya kumrukia puani atafute nyingine.

Dukani angalia lebo, tafuta Sèvre et Maine, jina la eneo inakotoka, halafu maneno sur lie, yaani juu ya mashapo. Ikishachachuka inaachwa ilale majira yote ya baridi juu ya mashapo ya hamira, inatiwa chupa kutoka hapohapo, ndo maana inakuwa na uzito kidogo mdomoni na kaharufu ka mkate. Mara nyingine utasikia vigesi vinachomachoma ulimi, haijaharibika hiyo, mi chupa ya kwanza ya namna hiyo nusura niirudishe dukani nikagombane bure.

Sasa chakula. Aliyenipatanisha nayo ni muuza chaza wa soko la Talensac, Jumamosi moja ya baridi, ananifungulia kwa kisu kifupi, chaza bado anaogelea kwenye maji yake ya bahari, matone mawili ya limau, unameza, halafu fundo la Muscadet. Ile chumvi inalainisha ukali wa waini mpaka unaiona kama ina utamu, na waini nayo inakusafisha mdomo unataka mwingine, ukija kushtuka dazani imekwisha. Kome nao hivyohivyo, wachemshe na vitunguu na glasi moja ya hiyohiyo waini, inayobaki ni yako mpishi. Na kuna sosi ya hukuhuku inaitwa beurre blanc, siagi iliyopigwa kwenye vitunguu shaloti na siki, ukimwagia samaki inakuwa nzito balaa, hapo Muscadet inakata mafuta vizuri sana.

Vya kwetu nimejaribu pia. Changu wa kukaanga na ndimu, safi. Pweza wa kuchoma, safi zaidi. Nazi nzito na pilipili achana nayo, inapotea kabisa, nilishaonja mwenyewe.

Na usiigandishe! Digrii 8 mpaka 10 zinatosha, mi naitoa kwenye friji nikianza kukata limau. Ukikuta chupa imeandikwa Clisson au Gorges, majina ya sehemu za hukuhuku, ongeza hela uchukue, hizo zinalala juu ya mashapo muda mrefu zaidi, zimeshiba, hata kuku wa krimu zinamuweza. Yule wa nazi bado sijathubutu kumrudia.