Jibu: Programu inasema picha ya kifua ni safi, mgonjwa bado anakohoa

Habari za kazi, mkuu. Kama nimekuelewa, programu ya kusoma picha za eksirei imempa mgonjwa wako alama ya chini ya TB, ilhali anakohoa wiki ya tatu sasa na amekonda. Unauliza ufuate kipi, na kama umwambie kuwa picha yake imesomwa na kompyuta.

Anza na umri. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza programu hizi mwaka 2021, lilisema ni kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Kama ni mtoto, hiyo alama iache kabisa.

Dalili zikiwepo, mimi napeleka makohozi kwenye GeneXpert, mashine ya maabara inayotafuta vimelea vya TB, hata alama ikiwa ndogo. Kuna mama nilikaribia kumrudisha nyumbani kwa sababu ya alama hiyo. Alikuwa akiinuka nikaona pindo la khanga aliyozibia mdomo lina doa la damu. Makohozi yakaja na TB. Sijamsahau mpaka leo.

Kumwambia, mwambie, tena kabla hajapigwa picha, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuuliza. Kwenye faili andika alama ilikuwa ngapi na kwa nini hukuifuata.