Muombe picha ya ukingo: kwa mnaoanza kununua sarafu za kale mtandaoni

Reale, yaani sarafu ya kale ya madini ya fedha, ya kwanza niliyonunua mtandaoni ilinifikia Lamu ikiwa ndani ya soksi ya mtoto. Ilikuja kwa basi hadi Mokowe, ikavushwa kwa boti, nikaipokea gatini moyo ukinidunda. Sikupita nyumbani. Niliipeleka kwa sonara mmoja wa Langoni anayenijua tangu utotoni. Sura ya malkia hakuitazama. Aliigeuza kiubavu, akapitisha ukucha ukingoni, kisha akaiweka kwenye mizani: gramu 21 na kidogo. "Mwanangu, hii ni shaba ya kuchovya," akasema, akanirudishia. Jioni nilimpigia muuzaji, simu haikupatikana tena.

Nawaandikia mnaoanza ili ukucha ule wa sonara muwe nao kabla pesa hazijatoka.

Reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo wazee wetu waliifanyia biashara pwani hii yote, ni sarafu nzuri ya kujifunzia kwa sababu vipimo vyake vinajulikana. Uzito ni gramu 28.07, upana ni kama milimita 40, na fedha ni sehemu 833 katika kila 1,000. Ukingoni kuna maneno ya Kilatini yaliyoinuka: IVSTITIA ET CLEMENTIA. Mghushi huhangaika na uso wa malkia na tai wa upande wa pili, maana hivyo ndivyo vinavyopigwa picha. Ukingo mara nyingi humshinda, maneno yakatoka mafifi au yasiwepo kabisa. Kwa hiyo ombi lako la kwanza liwe picha ya ukingo, na la pili liwe picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani, namba ikisomeka. Mwenye mali halali hukutumia siku hiyohiyo. Mwingine ataanza kukuapia.

Nataka mwangalie pia pale kidole cha muuzaji kilipo. Reale nyingi za huku ziligeuzwa mapambo: zikatobolewa, au zikachomelewa kikuku cha kupitishia mkufu. Anayetaka kuficha tundu hushika sarafu kwa kidole gumba juu ya tundu lenyewe, halafu picha zote tano zinashikwa palepale. Nimeshaliona hili mara nyingi, nami siku hizi nikiona kidole kimoja hakihami, naondoka.

Kuna uongo mwingine unaosemwa juu ya sarafu ya kweli. Reale hizi zina mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia, lakini ziliendelea kupigwa zikiwa na mwaka huohuo Vienna, na baadaye London, Bombay na kwingineko, hadi zama zetu hizi. Muuzaji anayekwambia "soma mwenyewe, ina zaidi ya miaka 240" anakuuzia umri ambao huenda sarafu haina. Ikiwa ni fedha ya kweli, inunue kwa bei ya fedha yake, usilipie hadithi. Hali kadhalika shilingi za Afrika Mashariki zenye simba: za mwaka 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, na zilizopigwa kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Bado watu wanaziuza kama "fedha tupu".

Sarafu ikishafika, sumaku haitoshi. Itakamata chuma, lakini shaba na risasi zitapita. Maji ndiyo yanayosema. Weka gilasi ya maji juu ya mizani ya dijitali, irudishe kwenye sufuri, funga sarafu kwa uzi uizamishe bila kugusa chini wala ubavuni. Reale halali itaonyesha kati ya gramu 2.7 na 2.8. Ya shaba yenye uzito uleule itapita 3, na ya risasi haitafika 2.5. Mimi naifanya jikoni, na dakika mbili zinatosha.

Na muuzaji akikwambia sarafu imechimbuliwa Shanga au Manda, magofu ya miji ya kale ya visiwa vya Lamu, msimalizane bei. Ni kweli mwaka 2013 watafiti walipata Manda sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle, na tangu hapo nimeonyeshwa vipande vyenye tundu la mraba kama sarafu ile nisivyoweza kuvihesabu. Ama ni nakala, ama ni mali ya kale inayolindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Hili linaniuma kuliko pesa zangu zilizopotea, kwa sababu sarafu ikishang'olewa ardhini bila mtaalamu, ilichokuwa ikitwambia juu ya mji ule kimekwisha.

Sarafu zilizofungwa kwenye vibweta vya plastiki vya PCGS au NGC, kampuni za Marekani zinazokagua sarafu na kuzipa daraja, nazo zina vibweta bandia. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti yao, kisha linganisha picha yao na ya muuzaji, mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Malipo sasa. Kwa mtu usiyemjua, usitume pesa kwenye namba yake binafsi ya simu kwa sababu tu amekwita "sheikh wangu" na kukwambia kuna mnunuzi wa Malindi anaisubiri. Mwambie amuuzie huyo wa Malindi. Ukinunua nje kwa PayPal, lipa kama ununuzi wa bidhaa. Akikuomba utume kama kwa rafiki au jamaa ili apunguziwe makato, kinga yako imeondoka. Fungua kifurushi ukijirekodi video, mizani ikiwa kando, na usichelewe kulalamika: siku 180 za PayPal zinahesabiwa tangu ulipolipa, si tangu mzigo ulipofika Mokowe.